Gorogoro Mbili

Masomo: Kutoka 1:8–22, Kumbukumbu la Torati 25:13–16, Mathayo 23:23
Mahubiri ya ibada ya pili, Isebania

Wapendwa, nyinyi mnaouza mahindi na maharagwe hapa sokoni, leo msininunie. Nataka kuanza na gorogoro.

Kila mtu hapa anajua kwamba kuna mfanyabiashara mwenye gorogoro mbili. Moja ni nzima, tena ameigonga kwa nyundo mpaka mdomo umepanuka kidogo. Hiyo ananunulia kwa mkulima anayeshuka kutoka Ntimaru au anayevuka kutoka Sirari. Ya pili ameibonyeza kitako kikaingia ndani, na hiyo anauzia mama anayetaka kupikia watoto. Ukimuuliza atakuapia kwamba gorogoro ni gorogoro, na kwa macho kweli zinafanana. Musa aliwajua watu wa namna hii. Katika Kumbukumbu la Torati 25 anakataza mtu kuweka nyumbani vipimo viwili, kikubwa na kidogo, na anasema mwenye kufanya hivyo ni chukizo kwa Bwana. Someni wenyewe mkifika nyumbani.

Lakini leo sihubiri juu ya mahindi. Nahubiri juu ya kura.

Mnakumbuka wiki mbili zilizopita tulikuwa na mgeni. Jina lake sitataja, na chama chake sitataja, maana si yeye peke yake, wako wengi njiani na Agosti 2027 haiko mbali. Alitusalimia vizuri, akatoa bahasha ya paa la jengo la watoto. Halafu akasema neno lililoinua kanisa zima: ati yeye ni mtu wa uhai, na hakuna mtoto atakayetolewa tumboni kwa idhini yake. Mlipiga makofi. Mimi pia nilipiga, sitaki kudanganya mbele ya madhabahu. Baada ya ibada mama mmoja wetu, ambaye alikuwa nesi mpaka akastaafu, akanishika mkono pale mlangoni akaniuliza, "Pasta, huyu mheshimiwa ni mtu wa uhai wa nani?" Nikamwambia tutaongea. Leo ndiyo tunaongea.

Kwanza nirudi nyuma kidogo, kwa sababu vijana wengi hapa mlikuwa bado nasari. Tarehe 4 Agosti 2010 Kenya ilipiga kura ya maoni juu ya Katiba hii tuliyo nayo. Kijani ilikuwa Ndiyo, nyekundu ilikuwa La. (Ile ya ndizi na chungwa ilikuwa 2005, msichanganye.) Maaskofu wa Kikatoliki, wakiongozwa na Kardinali John Njue, walisema nyekundu. NCCK wakasema nyekundu, na sisi Wapentekoste wengi tukasema nyekundu kwa vipaza sauti. Kulikuwa na suala la mahakama za Kadhi, hilo siligusi leo. Lililowauma maaskofu zaidi ni Kifungu cha 26. Kifungu hicho kinasema uhai wa mtu unaanza mimba inapotungwa, na kwamba kutoa mimba hakuruhusiwi. Lakini baada ya hapo kuna neno "isipokuwa": isipokuwa mhudumu wa afya aliyehitimu aone kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai ama afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iruhusu. Maaskofu walisema neno "afya" ni mlango mpana sana, na ile "sheria nyingine" ni dirisha lisilo na kitasa. Walisema Katiba hii ina mazuri mengi, lakini uhai wa mtoto si kitu cha kuwekwa kwenye mizani pamoja na barabara.

Sasa angalia kilichotokea. Nchi nzima, kura za Ndiyo zilipita milioni 6, za La zikawa karibu milioni 2.8. Na huku kwetu Nyanza, mkoa wenye Wakatoliki wengi, Ndiyo ilipita asilimia 90. Migori na Homa Bay ni jimbo moja la Kikatoliki, na askofu wake wakati huo alikuwa Philip Anyolo, ambaye baadaye alikuja kuwa Askofu Mkuu wa Nairobi. Maaskofu walisema nyekundu, waumini wakatoka Misa wakaenda kupiga kijani.

Wengine wetu tulicheka. Tukasema, mnaona, hao ni Wakristo wa jina tu. Tulikuwa wepesi wa kucheka, kumbe watu wetu pia walikuwa wanatoka kwenye maombi ya kufunga wanaenda moja kwa moja kwenye kijani. Asilimia 90 huwezi kuipata kwa Wakatoliki peke yao, si ndio?

Nina jirani, mzee wa jumuiya ndogo ndogo ya Wakatoliki, anasali rozari kila jioni mpaka sisi tunaisikia ukutani. Miaka ile tulikaa naye nje kwa fundi cherehani, nikamtania juu ya kura yake. Hakucheka. Akaniambia, "Mchungaji, mimi usiku ule sikulala." Binti yake alikuwa amefiwa na mume, na shemeji zake walikuwa wanamfukuza shambani, na Katiba mpya ilikuwa inasema mwanamke asibaguliwe kwa mambo ya ardhi. Alitaka pia hospitali isingoje pesa za Nairobi. Kisha akasema, "Na Raila alikuwa kijani. Nikikuambia hiyo haikuwa na uzito kwangu nitakuwa nimekudanganya." Nikamuuliza, na mtoto wa tumboni je? Akasema alikisoma Kifungu cha 26 mwenyewe, mara tatu, na akaona askofu wake hakukosea, mlango ule upo. "Lakini mimi nimemzika shemeji yangu na mtoto wake kwenye jeneza moja, kwa sababu tulichelewa kufika hospitali. Sikuweza kusema mama kama huyo asifunguliwe mlango wowote." Akapiga kijani. Jumamosi yake akaenda kuungama.

Nikamwuliza, uliungama dhambi gani? Akasema, "Sijui kama ilikuwa dhambi. Nilitaka Padri ajue."

Wapendwa, mimi nilipiga nyekundu, na usiku ule nililala fofofo. Sikusoma Kifungu cha 26. Nilikuwa nimeambiwa na viongozi wangu, nikawaambia nyinyi, basi. Mpaka leo naamini tulikuwa na haki ya kuogopa neno lile. Machi 2022 Mahakama Kuu kule Malindi ilisema kutoa mimba ni haki chini ya Katiba hiyo hiyo, kwa hiyo maaskofu hawakuwa wanaota. Lakini kulikuwa pia na kesi nyingine, iliyoamuliwa Nairobi Juni 2019, ya msichana wa hapa jirani, Kisii, aliyebakwa akiwa na miaka 14. Alipelekwa kwa mtu asiye na ujuzi, akaharibiwa, akateseka miaka mitatu na zaidi, akafa 2018 kabla hukumu haijasomwa. Yule pia ni uhai. Nikijiuliza kati yangu na jirani yangu ni nani aliyepima mbele za Mungu, najua jibu, na silipendi.

Wenzetu Wakatoliki wamefundishwa jambo hili kwa urefu kuliko sisi, tukubali tu. Kanisa lao linasema mambo hayalingani uzito. Kuua asiye na hatia si sawa na kubishana kodi iwe asilimia ngapi. Linasema pia mtu asimpigie mgombea kura kwa sababu anaunga mkono utoaji mimba. Lakini ikiwa mpiga kura hakubaliani na kosa hilo, na ana sababu nyingine nzito ya kumchagua mtu huyo, basi jambo linarudi kwenye dhamiri yake. Neno ni hilo "nzito". Hapo ndipo wanapogawanyika. Kule Marekani mwaka 2004 mgombea urais John Kerry alikuwa Mkatoliki, na baadhi ya maaskofu walisema hawawezi kumpa komunyo kwa sababu ya msimamo wake juu ya mimba, huku Wakatoliki wengi wakimpigia kura. Septemba 2024 Papa Francis, akiwa kwenye ndege akitoka Singapore, aliulizwa juu ya uchaguzi wa huko huko Marekani. Alisema, kwa maneno yangu, kwamba mmoja anafukuza wahamiaji na mwingine anakubali kuua watoto, na wote wawili wako kinyume cha uhai, kwa hiyo kila mtu achague lililo na ubaya mdogo kwa dhamiri yake. Msishtuke kumsikia Papa kwenye mimbari hii. Na punda wa Balaamu alisema.

Turudi kwenye Neno. Kutoka sura ya kwanza. Tunapenda kuruka mpaka mstari wa 15, kwa wakunga, kwa sababu hapo kuna watoto. Lakini soma kuanzia mstari wa 11. Farao anaanza na nini? Anaanza na kazi ngumu, chokaa na matofali na wasimamizi wa kuwatesa watu. Halafu, baada ya hapo, anageukia watoto wachanga. Ni mfalme mmoja, sura moja. Aliyewakamua wazazi ndiye aliyewaua wana, na Biblia haikuandika habari hizo katika vitabu viwili tofauti. Na hao Waisraeli walikuwa wanamjengea miji, Pithomu na Ramesesi. Kwa hiyo yule kijana anayeniambia, "Pasta, mambo ya mimba ni siasa za wazungu, sisi tunataka lami tu," nataka nimwambie kwamba Farao alikuwa mtu wa maendeleo. Miji ilijengwa, watoto wakatupwa mtoni.

Halafu wanakuja Shifra na Pua. Mwambie jirani yako: Shifra na Pua! Jina la Farao hatuambiwi, lakini majina ya wakunga wawili yameandikwa. Sisikii mahali walipotoa hotuba. Walikuwa chumbani, na maji ya moto, na mama anayelia, na mtoto akatoka akiwa hai. Mungu akawajengea nyumba, mstari wa 21.

Sasa yule mgeni wetu. Tukimpima kwa gorogoro nzima, mtu wa uhai anaulizwa nini? Akina mama hapa mnajua. Tangu Juni 2013 kujifungua katika hospitali za serikali kulitangazwa kuwa bure. Ikaja Linda Mama, sasa tuna Linda Jamii chini ya SHA. Majina ni mazuri. Lakini mama akifika usiku saa nane na kuambiwa anunue glavu mwenyewe, na pikipiki imemtoza mia tano, mheshimiwa alikuwa wapi bajeti ilipopitishwa? Muulize hivyo. Usimuulize kwa matusi, muulize tu, halafu unyamaze umsikilize.

Muulize pia juu ya Desemba. Nyinyi mnajua nasema nini. Shule zikifungwa, mwaka wa tohara ukifika, wasichana wetu wa Kuria wanakeketwa na kutembezwa barabarani kwa nyimbo na shuka, mchana, na sheria ya kukataza iko tangu 2011. Wengine wanavuja damu, wengine baadaye wanapata shida wakati wa kujifungua. Ni wanasiasa wangapi mmewahi kuwasikia wakisema juu ya hilo jukwaani hapa Isebania, kukiwa na wazee wa mila wamekaa mstari wa mbele? Juu ya mtoto wa tumboni wanapaza sauti, maana mtoto wa tumboni hana mzee wa kuwanyima kura. Akishazaliwa awe msichana wa miaka kumi na miwili, sauti inapotea.

Na nisiwe na gorogoro mbili mimi mwenyewe. Mtu aliyeongoza kambi ya nyekundu mwaka 2010 alikuwa William Ruto, wakati huo waziri. Tulimpenda kwa hilo, na 2022 madhabahu nyingi zilimwombea mpaka akawa Rais. Bado tunamwombea, tumeagizwa katika 1 Timotheo 2, na sisemi haya kumpiga vita. Lakini Juni 2024 vijana walipoandamana juu ya Mswada wa Fedha, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 39 waliokufa kufikia Julai mosi. Hao nao mama zao waliwabeba miezi tisa. Sisi tuliopiga kelele 2010, tulisema nini? Nimerudia kusoma jarida letu la wiki hizo. Tulihubiri juu ya kutoa fungu la kumi.

Wakatoliki walisema. Novemba 2024 maaskofu wao walitoa taarifa kali juu ya uongo serikalini na juu ya watu kutekwa nyara. Siku chache baadaye Rais akatoa mchango katika kanisa lao moja la Nairobi, na Askofu Mkuu Anyolo, yule yule wa kwetu Homa Bay, akaagiza pesa zirudishwe. Unaweza kubishana nao juu ya mambo mengi, na mimi nabishana nao juu ya mengi. Lakini tangu 2010 mpaka 2024 walitumia gorogoro moja. Bahasha yetu sisi bado iko kwa mhazini.

Yesu katika Mathayo 23:23 anawaambia Mafarisayo kwamba wanapima zaka ya mnanaa na bizari kwa uangalifu sana huku wameacha haki na rehema na imani. Hakuwaambia waache mnanaa. Aliwaambia yale ya kwanza yalipasa kufanywa, na haya mengine yasiachwe. Kwa hiyo mtu asitoke hapa akasema pasta amelegea juu ya mimba. Mtoto aliye tumboni ni mtoto, Zaburi 139 haijafutwa. Mgombea akisimama mbele yako akakuambia kwamba mtoto huyo si kitu, hiyo ni sababu nzito, iweke kwenye mizani yako na uzito wake wote. Ninachokataa ni mtu kununua kura yangu kwa neno hilo moja, halafu aende zake.

Nilitaka kuishia hapo. Roho Mtakatifu hakuniruhusu, kwa sababu gorogoro iliyobonyezwa kuliko zote iko humu ndani.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na wasichana wawili kwaya, rika moja. Mmoja akapata mimba, tumbo likaonekana. Sisi wazee tukakaa, tukamvua joho, tukamweka benchi la nyuma mpaka ajifungue na arudishwe kwa maombi. Kila Jumapili alipita katikati ya kanisa na tumbo lake kwenda kukaa nyuma, na nyinyi mkageuza shingo. Yule wa pili naye alikuwa na mimba. Huyo alivuka mpaka akapata vidonge kwa mtu fulani, akavuja damu siku mbili chumbani kwake karibu afe, na Jumapili iliyofuata aliongoza pambio. Sisi hatukujua kitu. Aliniambia mwenyewe baada ya miaka minne, akilia. Alisema, "Pasta, niliona mlivyomfanyia mwenzangu."

Mnanielewa? Aliyemchagulia mtoto uhai ndiye tuliyemwadhibu. Adhabu yetu haikuwa ya dhambi, ilikuwa ya tumbo. Na kanisa hilo hilo lilikuwa limepiga nyekundu likisema linatetea mtoto. Yule kijana aliyehusika na msichana wa kwanza alikuwa mpiga gitaa, na hakukosa hata ibada moja. Ni mimi niliyesimamia kikao kile. Nimemwendea yule wa benchi la nyuma, sasa ameolewa huko Awendo, nikamwomba msamaha. Akanipa chai. Hakusema sana, na sikustahili aseme sana. Mtoto wake yuko darasa la saba.

Wazee wamekubaliana nami katika jambo moja. Kuanzia sasa hakuna msichana atakayepelekwa benchi la nyuma kwa sababu tumbo limeonekana. Atafundishwa Neno na kutubu kama sisi sote, na kijana atafundishwa naye, tena mbele. Akina mama watampeleka kliniki, na kanisa litalipa pikipiki. Akijifungua tutamrudisha shule, serikali imeruhusu hilo tangu 1994 na hakuna mwalimu wa kumkatalia. Mtoto akikosa wa kumlea mama akiwa darasani, kuna wamama hapa ambao watoto wao wameshakua na mikono yao iko wazi, na nimeshaongea na wanne.

La bahasha hatujakubaliana. Wengine wanasema tuirudishe, wengine wanasema watoto wetu wananyeshewa kila mvua ya Aprili, na wote wana haki ya kusikilizwa. Kikao ni Jumatano saa kumi jioni, chini ya mwembe, maana jengo la watoto bado halina paa. Mama yule aliyeniuliza swali mlangoni ndiye atakayeongoza, mimi nitakaa kama mshirika. Mje na Biblia, na mwenye nakala ya Katiba nyumbani aje nayo.